NANI ANAYEPANGA ARDHI YA MAWENGI?
Uhakiki wa mikataba ya kimataifa katika siasa yetu ya mipango ya ardhi

1. Suala lenyewe

Kila mpango wa ardhi ni jibu la swali la kisiasa: ardhi hii itumike kwa faida ya nani? Swali hilo halionekani kwenye ramani. Ramani huonyesha rangi tu: kijani ni msitu, njano ni mashamba, buluu ni maji, nyekundu ni makazi. Haionyeshi nani aliyezichagua rangi hizo, wala nani hakuwapo zilipokuwa zikipakwa. Katika makala hii tunakusudia kuliuliza swali hilo waziwazi, na kulielekeza mahali ambapo makada wengi hawajazoea kulielekeza, yaani kwenye mikataba ya kimataifa ambayo nchi yetu imetia sahihi.

Wapo ndugu watakaosema kwamba mipango ya ardhi ni kazi ya wapima na maafisa ardhi, na mikataba ni kazi ya Wizara ya Mambo ya Nje. Kada wa tawi anahusikaje? Anahusika, kwa sababu mkataba unaotiwa sahihi ng'ambo safari yake huishia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na huko ndiko kada aliko.

Tumechagua kuitazama kata ya Mawengi, wilayani Ludewa, katika mkoa wa Njombe. Hii ni nchi ya miinuko, mabonde na vijito, katika nyanda za juu za Kusini. Wakulima wake hulima mahindi, maharage na viazi. Hupanda miti ya mbao. Na mvua zinapokwisha hushuka mabondeni kulima vinyungu, yaani vile vishamba vya ardhi yenye unyevu ambavyo hulisha nyumba wakati wa kiangazi. Hatukuichagua kwa sababu ina jambo la ajabu. Tumeichagua kwa sababu haina: yaliyoifika Mawengi yamevifika au yatavifika maelfu ya vijiji vyetu.

Kwanza tuseme neno juu ya neno. Siku hizi wataalamu wamezoea kusema "mipango ya mandhari" pale ambapo zamani tulisema mipango ya ardhi. Neno hilo lina siasa yake. Mandhari ni kile anachokiona mtu aliyesimama akitazama. Ardhi ni kile anachokishika mtu aliyeinama akilima. Wa kwanza huona uzuri wa bonde. Wa pili hujua ni pembe gani ya bonde hilo inayompa mboga mwezi wa Septemba. Hata nchi za Ulaya, zilipotia sahihi Mkataba wa Mandhari mjini Florence mwezi Oktoba 2000, zilikubali kwamba mandhari ni eneo kama wenyeji wanavyolitambua, lililoumbwa na maumbile pamoja na kazi za binadamu. Basi ikiwa mkulima wa Florence anahesabiwa kuwa sehemu ya mandhari ya kwao, mkulima wa Mawengi asigeuzwe kuwa doa katika mandhari ya kwao.

2. Mistari iliyochorwa mbali

Ukoloni wenyewe uliingia kwa mkataba. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kugawana maeneo ya Afrika, ambayo katika historia yanajulikana kwa majina ya visiwa vya Heligoland na Zanzibar. Mapatano hayo ndiyo yaliyochora mpaka wa Ziwa Nyasa, na hadi leo Malawi huyatumia kudai kwamba hata maji yanayopiga ufuko wa Ludewa, pale Manda na Lupingu, ni ya kwake. Tanzania inashikilia kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa. Mvuvi wa Lupingu hakualikwa Berlin. Lakini zaidi ya miaka 130 baadaye nyavu zake bado zinatupwa ndani ya ubishi ulioandikwa na watu waliokuwa wakijadili makoloni, si samaki.

Mambo ya hifadhi nayo yalianza hivyo hivyo. Mwezi Mei 1900 mataifa ya kikoloni yalikutana London na kutia sahihi mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Haukupata kuanza kutumika, kwa kuwa baadhi ya waliotia sahihi hawakuuridhia. Lakini fikra yake ilibaki. Mkataba wa pili, uliotiwa sahihi pia London mwaka 1933, ulizihimiza serikali za kikoloni kuanzisha hifadhi za taifa. Kwetu sisi Serengeti ilipewa mipaka ya hifadhi mwaka 1951, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Wamasai wakaondolewa ndani yake na kuelekezwa Ngorongoro, eneo lililoundwa rasmi mwaka 1959. Katika mikataba hiyo Mwafrika alikuwa kitu cha kudhibitiwa. Hakuwa miongoni mwa waliotia sahihi.

Baada ya Uhuru tulibadili bendera, lakini hatukubadili mara moja namna ya kupanga. Ripoti ya ujumbe wa Benki ya Dunia ya mwaka 1961 ilishauri kuwa baadhi ya wakulima wahamishiwe katika makazi mapya yenye mitambo, mtaji na wataalamu. Tuliifuata. Makazi hayo yalikula fedha nyingi na kuzaa kidogo, na mwaka 1966 Serikali yenyewe iliamua kuachana na mtindo huo. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha lilitaja misingi minne ya maendeleo, na kada asisahau mpangilio wake: watu walitajwa kwanza, kisha ardhi, kisha siasa safi na uongozi bora. Ardhi bila watu haikuwa msingi wa kitu chochote.

3. Milango mitatu

Mkataba wa kimataifa hauji kijijini ukiwa umevaa jina lake. Huingia kwa milango mitatu: sheria, fedha na maneno. Ni lazima kada aitambue yote mitatu.

Mlango wa kwanza ni sheria. Kwa Katiba yetu, Ibara ya 63(3)(e), Bunge ndilo linalojadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Na mkataba ulioridhiwa huhitaji sheria ya nchi ili uwe na meno mahakamani. Mwezi Juni 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro. Kutoka huko tukapata Mkataba wa Bioanuwai na Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi, ambayo yote miwili Tanzania iliiridhia mwaka 1996. Tazama yaliyofuata: Sera ya Mazingira mwaka 1997, Sera ya Misitu mwaka 1998, Sheria ya Misitu mwaka 2002, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004. Hatusemi kwamba sheria hizo ziliandikwa na wageni. Nchi yetu ilikuwa na misitu iliyokuwa ikiisha na mito iliyokuwa ikikauka, na ingezihitaji hata kama Rio haikukutana. Tunasema kwamba lugha yake, vipimo vyake na ratiba yake vilichukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka kwenye meza ya mataifa.

Mlango wa pili ni fedha, na huu ni mpana kuliko wa kwanza kwa sababu hauna mlinzi. Ahadi, hati za nia na mapatano ya miradi kwa kawaida hazipelekwi Bungeni kuridhiwa. Mwezi Aprili 2008 Norway na Tanzania zilitia sahihi hati ya nia juu ya misitu na hewa ya ukaa, yenye thamani ya kroner milioni 500 kwa miaka mitano. Mwezi Mei 2010, katika Jukwaa la Uchumi la Dunia lililofanyika Dar es Salaam, ulitangazwa mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT. Mwaka 2012 nchi tajiri nane zikaanzisha Umoja Mpya wa Usalama wa Chakula, na ndani yake Serikali yetu ikaahidi kupima mipaka ya vijiji vya ukanda huo na kuharakisha mipango ya matumizi ya ardhi kwa tarehe zilizotajwa. Ukanda huo uligawanywa mafungu sita, na fungu mojawapo likaitwa Ludewa. Basi na tuelewane: kupima kijiji ni jambo jema, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inataka kila kijiji kiwe na mpango wake. Lakini mpango unaofanywa ili kijiji kijue ardhi yake, na mpango unaofanywa ili mwekezaji ajue ardhi ya kijiji, si mpango mmoja, hata kama ramani zake zinafanana.

Mlango wa tatu ni maneno. Chukua neno "wadau". Mkulima mwenye ekari tatu ni mdau. Kampuni yenye mtaji wa mabilioni ni mdau. Benki ya ng'ambo ni mdau. Wote wanaketi meza moja, wanapewa chupa moja ya maji, na muhtasari unaandika kwamba wadau wamekubaliana. Neno hilo limeufuta mgongano wa masilahi kwa kalamu moja. Chukua "ardhi isiyotumika". Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, katika tafsiri yake ya ardhi ya jumla, inaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo haifanyi hivyo. Katika nyanda za juu, ardhi iliyopumzishwa miaka mitatu ili ipate rutuba huonekana "haitumiki" machoni pa mtu anayepita na gari. Au chukua "kurejesha misitu". Mwaka 2018 nchi yetu iliahidi, katika mpango wa Afrika uitwao AFR100, kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyochakaa. Ni ahadi nzuri. Lakini hesabu ya dunia ya misitu huchanganya msitu wa asili na shamba la miti. Kwa hesabu hiyo msindano wa mtu anayeishi mjini, utakaokatwa baada ya miaka michache, na msitu wa asili unaotunza chemchemi ya kijiji, vyote ni "msitu". Kwa mama anayechota maji si vyote.

4. Mawengi: umeme, maji na vinyungu

Sasa tutazame jinsi milango hiyo inavyokutana mahali pamoja.

Mwezi Juni 2000 nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki zilitia sahihi Mkataba wa Cotonou na Umoja wa Ulaya. Kutokana na ushirikiano huo ulianzishwa, mwaka 2005, mfuko wa kupeleka nishati vijijini. Fedha za mfuko huo, zikisimamiwa na shirika la Kiitaliano la ACRA, zilijenga Mawengi mtambo wa umeme wa maji wa kilowati 300 katika mto Kisongo. Wananchi wenyewe waliunda chombo cha kuuendesha, wakakiita LUMAMA kwa kuunganisha majina ya Lupande, Mawengi na Madunda. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 taa zikawaka, mashine za kusaga zikazunguka, mafundi seremala wakapata nguvu ya umeme, wakati ambapo sehemu kubwa ya vijijini nchini ilikuwa gizani.

Hili ni jambo la kupongezwa, na mhakiki asiyeweza kulipongeza si mhakiki. Mkataba uliotiwa sahihi katika mji wa Benin ambao mkulima wa Mawengi hajapata kuusikia, ulimletea umeme. Na haukumletea umeme kama mteja tu. Ulimkuta akiwa tayari kuunda chombo chake.

Lakini mtambo wa maji haulindwi kwenye ukuta wa kituo. Unalindwa huko juu, kwenye chemchemi na kwenye kingo za vijito. Umeme ukishaingia, kila bonde linalopeleka maji mtoni limekuwa sehemu ya mtambo. Hapo mpango wa matumizi ya ardhi si karatasi tena. Ni sharti la taa kuwaka. Na hapo ndipo ukinzani unapoanza, kwa sababu bonde hilo hilo ndilo lenye vinyungu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kifungu cha 57, inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mita hizo 60 zimekuwa maarufu kuliko kifungu chenyewe. Kila ofisa anazijua, wachache wamekisoma. Kifungu kinazungumzia shughuli za binadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya eneo hilo. Je, tuta la maharage la miezi mitatu, lisilo na dawa wala trekta, ni shughuli ya aina hiyo? Pengine ndiyo, kama bonde lina mteremko mkali na udongo unashuka mtoni. Pengine sivyo. Swali hilo ni la kujibiwa bonde kwa bonde, na mtaalamu wa maji akiwa pamoja na wakulima waliolima humo tangu wazazi wao. Halijibiwi kwa kamba ya mita 60 na amri.

Tena tazama upande wa pili wa bonde. Mkulima wa kinyungu akiambiwa atoke mita 60, jirani yake, au mtu aliyenunua ardhi akiwa mjini, huenda amepanda mikaratusi karibu na kijito hicho hicho. Mkaratusi ni mti. Mti ni kijani. Kijani ni hifadhi. Kumbe mti huo hunywa maji mengi kuliko maharage! Biashara ya miti katika mkoa wa Njombe ina historia ndefu, tangu miwati ya kampuni ya kikoloni iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1940, na imewasaidia wakulima wengi kujenga nyumba bora na kusomesha watoto. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliotokana na ushirikiano wetu na Finland tangu mwaka 2014, uliwasaidia wapanda miti wadogo kuunda vyama vyao na vijiji kupanga ardhi. Lakini bei ya mbao iliwaleta pia wanunuzi wa ardhi kutoka mijini, na sasa parachichi linafuata njia hiyo. Novemba 2022 Tanzania na China zilitia sahihi itifaki ya kuingiza parachichi zetu katika soko la China. Karatasi moja ya afya ya mimea inaweza kubadili sura ya vilima vya Njombe haraka kuliko sera yoyote ya ardhi. Hakuna aliyeiita itifaki hiyo mkataba wa mandhari. Lakini ndivyo ilivyo.

Matokeo yake ni nini? Ni kwamba katika bonde moja mikataba kadhaa inakutana bila kujuana: mmoja unataka maji yatiririke, mwingine unataka miti iongezeke, mwingine unataka matunda yauzwe nje. Kila mmoja una fedha zake, ofisa wake na ripoti yake. Wote hukutana juu ya ardhi ya mkulima mmoja, na yeye peke yake ndiye asiye na ripoti. Mahali pekee ambapo migongano hiyo yaweza kutatuliwa kwa haki ni mkutano mkuu wa kijiji. Hilo si pendekezo letu. Ndivyo sheria inavyosema. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini tu, na mpango wa matumizi ya ardhi hauna nguvu mpaka mkutano mkuu uukubali.

5. Makosa ya pande mbili

Katika mijadala ya makada tumekutana na makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la wale wanaoona kila mkataba ni neema. Kwao, kitu kikiwa na muhuri wa kimataifa kimekwisha kuthibitishwa. Ndugu hawa wasome kisa cha Bagamoyo. Kampuni ya Kiswidi ilipewa hati ya zaidi ya hekta 20,000 kwa ajili ya shamba la miwa, jirani na Hifadhi ya Saadani. Mwaka 2016 Serikali iliifuta hati hiyo. Mwaka 2017 wawekezaji, wakitumia mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya nchi yetu na Sweden, walipeleka shauri katika baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, na mwezi Aprili 2023 uamuzi ukatoka dhidi ya Tanzania. Maana yake kwa mpangaji wa ardhi ni nzito: taifa lililojifunga kwa mkataba wa aina hiyo, likibadili mpango wake wa ardhi, laweza kulipishwa kwa kuubadili. Na Sweden si adui yetu. Ndiyo iliyosaidia kujenga njia kuu ya umeme kutoka Makambako hadi Songea. Urafiki wa mataifa ni jambo moja, na kifungu kilichoandikwa na mawakili ni jambo lingine, kada asichanganye. Kwa sababu hii sheria za mwaka 2017 juu ya mamlaka ya nchi kwa maliasili zake, na kuvunjwa kwa mkataba wa uwekezaji na Uholanzi mwaka 2019, zilikuwa hatua za maana.

Kosa la pili ni la wale wanaoona kila mkataba ni hila ya mabeberu. Msimamo huu unasikika kuwa wa kimapinduzi, lakini kwa kweli ni wa uvivu, kwa sababu humwondolea kada wajibu wa kusoma. Mkataba wa Bioanuwai, kifungu cha 8(j), unazitaka nchi ziheshimu na kutunza maarifa na desturi za jamii za wenyeji zinazohusu hifadhi. Mwafaka wa Kunming na Montreal wa Desemba 2022, unaojulikana kwa lengo la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030, katika lengo lake la kwanza kabisa unataka mipango ya ardhi iwe shirikishi na iheshimu haki za wenyeji. Hizo ni silaha. Mkulima wa kinyungu anayeamriwa kuondoka angeweza kuzishika, kama kuna aliyemwambia kuwa zipo.

Tena msimamo huo huficha jambo baya zaidi. Mara nyingi siyo mkataba unaomkandamiza mkulima. Ni ofisa wetu anayejificha nyuma ya mkataba. Mwaka 2022, wakati wa mabishano makubwa juu ya kuwahamisha wakazi wa Ngorongoro, eneo ambalo limo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1979, UNESCO ilitamka kwamba haikupata kuomba wananchi hao waondolewe. Fundisho lake ni wazi. Ikiwa uamuzi ni wetu, tuukubali kuwa ni wetu na tuutetee mbele ya umma kwa hoja zetu. Kusema "dunia imetaka" ni kukimbia uwajibikaji.

6. Kujikosoa

Uhakiki usiogusa nyumba ya mhakiki ni umbea. Hatuna haki ya kulalamikia mipango iliyochorwa Berlin na London kama hatusemi ukweli juu ya mipango tuliyoichora wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1973 iliamriwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya wananchi walikuwa wamehamishwa. Shabaha ilikuwa nzuri: shule, maji, zahanati, kazi ya pamoja. Vingi vilipatikana. Lakini mahali pengi nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, na watu wakawekwa mbali na mashamba yao na mabonde yao, kwa kuwa ofisa aliona barabara na hakuona bonde. Hapakuwa na mkataba wa kigeni uliotulazimisha. Tulifanya wenyewe, na kosa lilikuwa lile lile la mkoloni: kupanga ardhi bila kumuuliza anayeilima.

Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji. Ilizunguka nchini, ikasikiliza wananchi, ikapendekeza kwamba milki kuu ya ardhi isiwe mikononi mwa Rais peke yake, bali ardhi ya taifa iwe chini ya tume ya ardhi inayowajibika kwa Bunge, na ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Tukapata sheria za mwaka 1999 ambazo zinampa mwanakijiji haki nyingi, na kisha zinaweka kizingiti. Rais akitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla au ya hifadhi, mkutano mkuu una nguvu ya kukubali au kukataa iwapo eneo halifiki hekta 250. Likizidi hapo, mkutano hutoa maoni, na Waziri ndiye anayeamua. Kwa maneno mengine, kijiji kina sauti kamili juu ya jambo dogo, na sauti ya ushauri juu ya jambo kubwa. Mikataba mikubwa haizungumzi chini ya hekta 250.

Wananchi wa Ludewa wanalijua hili kwa uzoefu. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kuhusu chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Wananchi waliotakiwa kupisha mradi walingoja fidia zaidi ya miaka kumi. Muda wote huo mtu anayengoja fidia hajengi, hapandi mti wa kudumu, wala hajui amwachie mwanawe nini. Ardhi ya namna hiyo haipo katika rangi yoyote ya ramani.

7. Kazi iliyo mbele yetu

Hatumalizi kwa kusema mikataba ivunjwe, wala kwa kusema ifuatwe. Mkataba ni uwanja wa mapambano. Atakayefaidi ni yule aliyejiandaa. Kwa hiyo tunapendekeza makada na wanafunzi wajadili mambo haya:

(a) Kila mkataba, itifaki au hati ya nia inayogusa matumizi ya ardhi itolewe kwa Kiswahili kabla haijaanza kutekelezwa. Mtu hawezi kuridhia asichoweza kukisoma.

(b) Ahadi za fedha zinazobadili mipango ya ardhi zipelekwe Bungeni kama mikataba mingine, hata kama masharti yake hayalazimishi. Mlango wa pili nao upate mlinzi.

(c) Mikataba ya kulinda uwekezaji iliyobaki ichunguzwe upya, ili haki ya taifa ya kubadili mpango wa ardhi kwa masilahi ya maji, chakula na makazi isiwe kosa la kulipiwa.

(d) Kizingiti cha hekta 250 kijadiliwe tena. Ikiwa kijiji kinaaminiwa kuamua juu ya hekta 200, kwa nini kisiaminiwe juu ya 300?

(e) Mabondeni, kamba ya mita 60 itanguliwe na uchunguzi. Aliye na mikaratusi kando ya kijito aulizwe kwanza, kabla ya aliye na maharage.

(f) Kada wa tawi ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji siku ya kujadili ramani, akiwa amekwisha kuisoma sheria, wala asiende kuwatuliza wananchi. Aende kuwasaidia kuuliza.

Mtambo wa Mawengi unatufundisha jambo ambalo halimo katika mkataba wowote. Fedha zilitoka Ulaya na mashine zilitoka ng'ambo, lakini chombo cha kuuendesha kilipewa jina lililoundwa kwa majina ya vijiji vya wakulima wenyewe. Wangeweza kungoja kampuni ije kuwauzia umeme. Badala yake walikaa, wakagombana, wakapatana, wakajiunga. Watu walioweza kugawana umeme wa mto wao wanaweza pia kupanga bonde la mto huo. Kinachotakiwa ni kuwaachia kalamu, na kuwa tayari kukubali watakachoandika hata kama hakifanani na ramani tuliyokwenda nayo.